Kutoka Kipimo hadi Ujirani: Mielekeo ya Karibuni ya Utafiti wa Historia ya Enzi za Kati za Ulaya miongoni mwa Wanazuoni wa Korea

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wanazuoni wa Korea walivyoitafiti historia ya Enzi za Kati za Ulaya, kwa kuweka mkazo katika mielekeo iliyojitokeza tangu miaka ya 1990. Hoja kuu ni kwamba kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, Ulaya ya Enzi za Kati ilichukuliwa nchini Korea kama kipimo. Swali lililotawala lilikuwa iwapo Korea nayo ilipitia hatua ya ukabaila, na swali hilo lilizaliwa katika mazingira ya ukoloni wa Kijapani. Baadaye wanazuoni waliigeukia Ulaya hiyo kama jamii yenye fikra, imani na mila zake, na katika miaka ya karibuni wameanza kuitazama kama sehemu ya ulimwengu uleule ulioihusisha Korea yenyewe kupitia Dola la Wamongolia. Makala yanaonesha kuwa mwelekeo huu wa mwisho umefungua milango mipya, ila umerudisha pia hamu ya zamani ya kutafuta heshima ya taifa katika hati za Ulaya. Mjadala kuhusu barua ya Papa Yohane wa 22 ya mwaka 1333 unatumiwa kama mfano wa hatari hiyo na wa namna uhakiki wa vyanzo unavyoweza kuikabili.

1.0 Utangulizi

Historia ya Enzi za Kati za Ulaya hufundishwa na kutafitiwa katika vyuo vikuu vingi vilivyo mbali na Ulaya. Korea Kusini ni mojawapo ya nchi ambazo taaluma hiyo imeota mizizi. Chama cha Historia ya Nchi za Magharibi cha Korea kiliundwa mwaka 1957, miaka minne tu baada ya vita vya rasi hiyo kusimama, na jarida lake limeendelea kutoka tangu wakati huo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Enzi za Kati walikuwa wamekwisha kuongezeka kiasi cha kuwa na chama chao na jarida lao wenyewe.

Kuwapo kwa taaluma hiyo kunahitaji kuelezwa. Mtafiti wa Seoul au Busan anayeandika kuhusu watwana wa bonde la mto Seine katika karne ya 9 hana nyaraka za asili karibu naye. Kilatini hakimo katika mtaala wa kawaida wa shule alizosoma, na wasomaji wake wa kwanza hawana uhusiano wa nasaba, dini ya jadi wala ardhi na watu anaowaeleza. Kwa nini basi aandike juu yao? Jibu la swali hili limebadilika kizazi hadi kizazi, na mabadiliko hayo ndiyo yanayofafanuliwa katika makala haya.

Uchambuzi unaanza na istilahi, kwa kuwa mgogoro mkubwa wa kwanza ulikuwa wa maneno. Kisha unafuata mfuatano wa wakati: kipindi cha kipimo, kipindi cha utamaduni na fikra, na kipindi cha mipaka na mahusiano. Sehemu ya mwisho inagusa mazingira ya kazi ya watafiti hao na maana yake kwa taaluma zinazoandikwa katika lugha zisizo na wasomaji wengi nje ya mipaka yake.

2.0 Neno na Dhana: Ukabaila, Bonggeon na Enzi za Kati

Neno la Kikorea linalotumika kutafsiri dhana ya ukabaila ni bonggeon. Neno hilo halikuzaliwa Ulaya. Linaandikwa kwa herufi mbili za Kichina ambazo katika maandishi ya kale zilieleza desturi ya wafalme wa nasaba ya Zhou kuwagawia ndugu na washirika wao maeneo ya kutawala. Wanazuoni wa Kijapani wa zama za Meiji, walipokuwa wakitafsiri vitabu vya historia na sheria kutoka Ulaya, walilichukua neno hilo la zamani na kulipa mzigo mpya. Kutoka Japani neno lilienea Korea likiwa tayari na maana mbili: ile ya wahenga wa China na ile ya maprofesa wa Ujerumani.

Kiswahili nacho kimepitia njia inayofanana. Neno ukabaila limejengwa juu ya kabaila, yaani mtu wa nasaba na hadhi, na limetwishwa kazi ya kueleza mfumo wa umiliki wa ardhi, utwana na utii ulioelezwa kwanza na wanazuoni wa Ulaya. Anayelitumia hudhani anataja jambo moja, kumbe hubeba nalo historia mbili. Kwa sababu hiyo msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuuelewa mgogoro wa Wakorea: dhana inapokopwa pamoja na mpangilio wake wa hatua za maendeleo, jamii inayoikopa hujikuta ikilazimika kujieleza kwa kuilinganisha na historia ya wengine.

Istilahi ya Enzi za Kati ina tatizo hilohilo. Wanazuoni wa Ulaya waliiunda ili kukitaja kipindi kilichosimama baina ya ustaarabu wa Ugiriki na Roma na ule wa Mwamko wa karne ya 14 hadi ya 16. Korea haikuwa na Roma iliyoanguka wala Mwamko wa aina hiyo. Hata hivyo wanahistoria wake wameitumia istilahi ya jungse, yenye maana ya zama za kati, kuihusu Korea yenyewe, na wamebishana kwa muda mrefu kuhusu lini zama hizo zilianza na lini zilikoma.

3.0 Ulaya kama Kipimo

Chanzo cha ubishi huo ni cha kisiasa. Mwaka 1902 mwanauchumi wa Kijapani Fukuda Tokuzo, aliyesomea Ujerumani na kuathiriwa na nadharia za huko kuhusu hatua za uchumi, aliizuru Korea. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1903 na 1904 alidai kuwa Korea haikuwahi kupitia hatua ya ukabaila, na kwamba hali yake ililingana na ile ya Japani ya takribani miaka elfu moja iliyotangulia. Kwa mujibu wa nadharia aliyoifuata, ukabaila ulikuwa ngazi ya lazima kuelekea uchumi wa kisasa. Jamii iliyoikosa ngazi hiyo isingeweza kupanda kwa miguu yake, ilihitaji kuinuliwa na nyingine. Mwaka 1905 Japani iliitangaza Korea kuwa nchi iliyo chini ya ulinzi wake, na mwaka 1910 ikaifanya koloni. Hoja ya kitaaluma kuhusu Enzi za Kati ikawa mojawapo ya nguzo za kuhalalisha utawala wa kigeni.

Jibu lilitoka kwa Paek Nam-un. Yeye alisomea uchumi Tokyo, kisha akafundisha katika Chuo cha Yonhui mjini Seoul. Mwaka 1933 alichapisha kitabu chake kuhusu historia ya jamii na uchumi wa Korea, na mwaka 1937 akakifuatishia kingine kilichohusu jamii ya kikabaila. Akitumia nadharia ya Marx, Paek alishikilia kuwa Korea ilipita katika hatua zilezile walizopita wanadamu wote: ujima, utumwa, kisha ukabaila, ambao kwa maoni yake ulianza baada ya Silla kuiunganisha rasi katika karne ya 7. Korea haikuwa na upungufu wowote katika mwendo wake wa historia, na ukoloni haukuweza kutetewa kwa hoja ya kudumaa.

Jibu la Paek lilikuwa la kijasiri, lakini liliuacha mzizi wa tatizo palepale. Fukuda na Paek walihitilafiana kuhusu Korea, ilhali walikubaliana kuhusu kipimo. Wote wawili waliamini kuwa historia ya Ulaya Magharibi imeonesha ngazi ambazo kila taifa lina wajibu wa kuzipanda, na kwamba taifa lisilo na ukabaila lina kasoro. Makubaliano hayo ya kimyakimya ndiyo yaliyoiongoza taaluma kwa miongo kadhaa iliyofuata.

Baada ya uhuru wa mwaka 1945 na kugawanywa kwa nchi, Paek alihamia Kaskazini. Kusini, kuanzia miaka ya 1960, kizazi kipya cha wanahistoria wa Korea kilijenga nadharia ya maendeleo kutoka ndani. Mwakilishi wake maarufu, Kim Yong-sop, alizichambua daftari za ardhi za kipindi cha mwisho cha nasaba ya Joseon, akaeleza kuwa palikuwa na wakulima matajiri waliozalisha kwa ajili ya soko kabla ya kuja kwa Wajapani. Utafiti wa aina hii ulihitaji elimu ya ukabaila wa Ulaya na ya namna ulivyovunjika. Kwa hiyo mjadala wa Maurice Dobb na Paul Sweezy kuhusu mpito kutoka ukabaila kwenda ubepari ulisomwa Korea kwa bidii ya pekee. Katika miaka ya 1980, chini ya utawala wa kijeshi, mjadala huo ulivuka kuta za madarasa na kuingia katika harakati za wanafunzi, ambao walibishana vikali kuhusu aina ya jamii waliyokuwa wakiishi ndani yake. Mtu aliyesoma habari za watwana wa Uingereza wa karne ya 14 alikuwa pia akitafuta jibu kuhusu wafanyakazi na wakulima wa Korea ya siku zake.

Wakati huohuo, kipimo chenyewe kilikuwa kinabomolewa kule kilikotoka. Mwaka 1974 Elizabeth A. R. Brown alichapisha makala yaliyoishutumu dhana ya ukabaila kuwa ni uimla wa istilahi juu ya ushahidi. Mwaka 1994 Susan Reynolds alionesha kuwa picha iliyozoeleka ya bwana, kibaraka na ardhi ya ukabaila ilitokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya wanasheria waliokuja baadaye, na haikuakisi mahusiano halisi ya karne ya 9 au ya 10. Ikiwa Ufaransa na Uingereza zenyewe hazikuwa na mfumo mmoja unaostahili kuitwa ukabaila, basi jamii ya Korea ilikuwa imeshitakiwa, na ikatetewa, kwa sheria ambayo haikuwapo.

Haina maana kwamba historia ya uchumi iliachwa. Lee Ki-young wa Chuo Kikuu cha Dong-A alitumia miaka mingi kuchambua daftari za mali za zama za Wakarolinji, ikiwamo ile mashuhuri ya abasia ya Saint-Germain-des-Prés iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 9 chini ya abati Irmino. Daftari hizo huorodhesha mashamba, familia za wakulima na kazi walizodaiwa na mabwana wao. Katika utafiti wa namna hii swali la hatua za historia bado linasikika, lakini linajibiwa kwa kuhesabu siku za kulima, vipande vya ardhi na majina ya watu, pasipo kutegemea mchoro uliotayarishwa kabla.

4.0 Kuelekea Utamaduni na Fikra

Mabadiliko makubwa yalianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Demokrasia ilirejea mwaka 1987, vizuizi vya kusafiri nje viliondolewa mwaka 1989, na muda mfupi baadaye Umoja wa Kisovyeti ulisambaratika. Wanafunzi wengi zaidi waliweza kwenda Ufaransa, Ujerumani, Uingereza na Marekani kusomea shahada za uzamivu. Nadharia ya hatua ilipoteza mvuto wa kisiasa, na waliorejea nyumbani walikuja na maswali mengine.

Njia ya mabadiliko haya inaonekana wazi katika tafsiri. Kitabu cha Marc Bloch kuhusu jamii ya kikabaila, kilichotoka Ufaransa mwaka 1939 na 1940, kilipatikana kwa Kikorea mwaka 1986 katika tafsiri ya Han Jeong-suk. Kitabu hicho kilikuwa daraja. Wasomaji waliokuwa wakitafuta muundo wa umiliki wa ardhi waliupata, lakini walikutana pia na sura kuhusu kumbukumbu, hisia na namna watu walivyouelewa wakati. Mwishoni mwa kazi yake Bloch aliilinganisha Ulaya na Japani, na msomaji wa Korea aliweza kumwona jirani yake akitajwa huku nchi yake ikikosa nafasi.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Mwaka 1991 Kim Ung-jong alichapisha kitabu kilichoitambulisha kwa mapana shule ya Annales. Mwaka 1992 Yu Hee-soo aliitafsiri kazi ya Jacques Le Goff kuhusu ustaarabu wa Enzi za Kati za Magharibi. Mwaka 1995 kilifuata kitabu cha Le Goff kuhusu kuzaliwa kwa wazo la toharani, na mwaka 1997 kile cha Georges Duby kuhusu madaraja matatu ya jamii: wanaosali, wanaopigana na wanaofanya kazi. Mwaka 2006 Yu Hee-soo alikitafsiri pia kitabu cha Emmanuel Le Roy Ladurie kuhusu kijiji cha Montaillou, ambacho wakazi wake walihojiwa na mahakama ya kanisa mwanzoni mwa karne ya 14.

Kutafsiri vitabu hivi kulikuwa kazi ya kitaaluma kwa maana kamili. Mtafsiri alilazimika kuunda istilahi za ibada, cheo, kodi na dhambi katika lugha ambayo urithi wake wa kidini umejengwa kwa Ubuddha, mafundisho ya Confucius na, katika karne za karibuni, Ukristo. Toharani ni mfano mzuri. Kwa msomaji aliyelelewa katika jamii inayowafanyia wafu matambiko ya kila mwaka, wazo la kuwaombea marehemu ili wapunguziwe adhabu lina mlango wa kueleweka, ijapokuwa mantiki yake ya kisheria na kihesabu ni ngeni. Utafiti wa kizazi hiki uliielekea dini ya watu wa kawaida, watakatifu na masalia yao, ndoa, mwili, kicheko na hofu. Ulaya ya Enzi za Kati iliacha kuulizwa iwapo ilitangulia au la, ikaanza kuulizwa ilikuwaje.

Faida ya mwelekeo huu ni kuwa watafiti walikwenda kwenye vyanzo kwa undani zaidi. Hasara yake ni kwamba sababu ya kuandika kwa ajili ya msomaji wa Korea ilififia. Swali la ukabaila, pamoja na makosa yake yote, lilimhusu kila raia. Swali la mpangilio wa ibada katika abasia moja ya Burgundy liliwahusu wachache. Hapo ndipo mielekeo ya karibuni ilipopata nguvu, kwa kuwa inajaribu kuunganisha ukali wa vyanzo na maswali yanayoigusa jamii inayoyauliza.

5.0 Taifa, Jinsia na Mipaka

Swali la kwanza kati ya hayo ni la taifa. Mwaka 2004 kitabu cha Patrick Geary kuhusu hadithi za chimbuko la mataifa ya Ulaya kilitafsiriwa kwa Kikorea, miaka miwili baada ya toleo la Kiingereza. Geary anaeleza kuwa Wagothi, Wafranki na Walombardi hawakuwa mataifa yaliyokamilika yaliyotembea kuvuka karne hadi leo. Yalikuwa makundi ya kisiasa yaliyobadilika, na wanahistoria wa karne ya 19 ndio waliowageuza kuwa mababu. Kitabu hiki kilifika Korea wakati ambapo umma ulikuwa umekasirishwa na mradi wa utafiti wa China ulioanza mwaka 2002, ambao uliieleza Goguryeo, dola lililoanguka mwaka 668, kama sehemu ya historia ya China. Kwa Wakorea wengi Goguryeo ni babu asiyegawanyika. Somo la Ulaya linauliza iwapo dola la karne ya 5 linaweza kumilikiwa na taifa lolote la karne ya 21, na swali hilo haliwafurahishi wabishi wa upande wowote.

Swali la pili ni la jinsia. Cha Yong-ku wa Chuo Kikuu cha Chung-Ang ameandika kuhusu wanawake wa Ulaya ya Enzi za Kati na pia kuhusu namna wavulana wa tabaka la mashujaa wapanda farasi walivyofundwa kuwa wanaume. Mkazo wake ni kwamba uanaume nao una historia: ulijengwa kwa mafunzo, woga wa aibu na matarajio ya baba. Katika nchi ambayo vijana wote wa kiume hutakiwa kisheria kutumikia jeshi, mada hiyo haihitaji kupigiwa debe.

Swali la tatu, ambalo limekuwa na mvuto mkubwa, ni la mipaka. Kuanzia mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Chung-Ang na Chuo Kikuu cha Hankuk cha Taaluma za Kigeni viliendesha mradi wa pamoja kuhusu maeneo ya makutano, chini ya mpango wa serikali wa kugharimia sayansi za jamii na fasihi. Katika mkabala huu mpaka hautazamwi kama mstari unaotenga pekee. Hutazamwa pia kama ukanda ambamo watu hukutana, hubadilishana bidhaa, huoana na hubishana. Mipaka ya mashariki ya Ujerumani ya Enzi za Kati, ambako Wajerumani, Waslavi na watu wa Baltiki waliishi pamoja, hutoa mifano mingi. Wanahistoria wa karne ya 19 na ya 20 waliieleza historia hiyo ama kama ushindi wa ustaarabu ama kama uvamizi wa kikatili, kulingana na utaifa wao. Hati zenyewe zinaonesha miji yenye sheria mbili, masoko ya pamoja na watu waliobadili lugha ndani ya vizazi viwili.

Mkorea anayeusoma mpaka huo anaishi katika nchi iliyokatwa tangu mwaka 1953 na ukanda usio na majeshi wenye urefu wa takribani kilomita 250 na upana wa kilomita nne. Ukanda huo kwa sasa hauruhusu kukutana. Ndiyo maana historia ya mipaka iliyovukika ina uzito kwake kuliko kwa mtafiti ambaye nchi yake huvukwa kwa treni bila kuoneshana pasipoti. Hapa Ulaya ya Enzi za Kati haitumiki kuipima Korea. Inatumika kupanua fikra kuhusu yanayowezekana.

6.0 Ulaya na Korea katika Ulimwengu Mmoja

Mwaka 2009 Chama cha Historia ya Nchi za Magharibi cha Korea kilitoa kitabu cha pamoja kilichodai kuwa historia ya dunia inayoiweka Ulaya katikati ivukwe, na nafasi yake ichukuliwe na historia nyingi za dunia. Wito huo uliandikwa na watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuifundisha Ulaya. Kwa watafiti wa Enzi za Kati, njia ya wazi ya kuuitikia ilikuwa kuitazama karne ya 13 na ya 14, wakati Dola la Wamongolia lilipoiunganisha Asia na pembe za Ulaya.

Msingi wa kazi hiyo uliwekwa na Kim Ho-dong wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, mtaalamu wa historia ya Asia ya Kati. Alitafsiri kwa Kikorea masimulizi ya Marco Polo, sehemu kubwa ya historia ya Rashid al-Din kutoka Kiajemi, na safari za watawa Wafransisko John wa Plano Carpini na William wa Rubruck. Carpini alipohudhuria kutawazwa kwa Güyük mwaka 1246 aliwataja wakuu wa watu aliowaita Solangi, jina ambalo wanahistoria wengi wamelihusisha na Korea au majirani zake. Rubruck, aliyesafiri kati ya 1253 na 1255, alisikia habari za watu wa Caule, na Polo aliitaja nchi ya Cauli. Majina haya yote mawili yanatokana na namna Wachina walivyolitamka jina la Goryeo. Kwa hiyo Korea ilikuwamo katika vitabu vya Ulaya ya karne ya 13, ingawa kwa mbali na kwa kusikia.

Upande wa biashara, Nam Jong-kuk wa Chuo Kikuu cha Wanawake cha Ewha alichapisha mwaka 2007, kwa Kifaransa, utafiti mkubwa kuhusu biashara ya pamba katika Mediterania mwishoni mwa Enzi za Kati. Pamba ya Syria na Misri ilinunuliwa na Waislamu na Wakristo, ikasafirishwa na Waveneti na Wagenoa, na kufumwa Lombardia na kusini mwa Ujerumani. Ulaya inayoonekana humo ni mshiriki mmoja katika mtandao wenye vituo vingi.

6.1 Barua ya Mwaka 1333

Mwelekeo huu wa mahusiano una hatari yake, na hakuna kisa kinachoionesha vizuri kuliko kile cha barua ya Papa. Usuli wake ni Jikji, kitabu cha mafundisho ya Kibuddha kilichopigwa chapa kwa herufi za chuma katika hekalu la Heungdeok, Cheongju, mwaka 1377, takribani miaka 78 kabla ya Biblia ya Gutenberg. Nakala yake iliyosalia imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Mkutubi Park Byeong-seon ndiye aliyeitambulisha kwa ulimwengu mwaka 1972, na mwaka 2001 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Kutoka kutangulia hadi kufundisha ni hatua fupi katika fikra za umma. Je, haikuwezekana kwamba ufundi huo ulisafiri kutoka Goryeo hadi Ujerumani? Filamu ya makala ya mwaka 2017, Dancing with Jikji, iliifuatilia dhana hiyo na kuitangaza barua ya Papa Yohane wa 22 ya mwaka 1333, iliyonakiliwa katika daftari za Vatikani na kuelekezwa kwa mfalme aliyetajwa kwa jina linalofanana na Korea: Rex Corum. Mfalme wa Goryeo wakati huo alikuwa Chungsuk. Ikiwa barua ilikuwa yake, basi palikuwa na mawasiliano ya moja kwa moja kati ya Avignon na Goryeo miaka 44 kabla ya Jikji. Habari hiyo ilipokelewa kwa shangwe.

Nam Jong-kuk aliichunguza barua hiyo na kufikia jibu la kukanusha. Mazingira yake yanajulikana. Mwaka huo Papa alimteua Nicholas kuwa askofu mkuu wa Khanbaliq, mji ambao leo ni Beijing, ili achukue nafasi ya John wa Montecorvino aliyefariki, na barua kadhaa ziliandikwa kwa watawala ambao mjumbe huyo angepita kwao. Mfanano wa sauti kati ya Corum na Korea hautoshi kumtambua mpokeaji. Goryeo ilikwisha kuingia katika maandishi ya Wafransisko kwa jina la Caule, na hakuna sababu ya kutazamia kwamba ofisi ya Papa ingeiita kwa umbo linalokaribia lile lililozoeleka Ulaya karne kadhaa baadaye. Masikio ya leo yalisikia Korea kwa sababu yalikuwa yakiitafuta.

Mtafiti huyohuyo amefanya kazi ya namna hiyo kuhusu tauni. Simulizi maarufu husema kwamba Wamongolia waliouzingira mji wa Caffa mwaka 1346 walirusha maiti za wagonjwa ndani ya kuta, na Wagenoa waliokimbia wakaupeleka ugonjwa Italia. Chanzo chake ni Gabriele de' Mussis, mwandishi wa sheria wa Piacenza ambaye hakuwapo Caffa. Nam amedhihirisha jinsi maandishi ya mtu aliyesikia tu yalivyochukuliwa kama ushuhuda, na jinsi yalivyowafanya watu wa Asia waonekane kuwa chimbuko la makusudi la maafa ya Ulaya. Katika kisa cha kwanza uhakiki uliinyima Korea heshima isiyo yake. Katika cha pili uliiondolea Asia lawama isiyo yake. Kanuni ni moja, na haikuuliza kwanza ni nani angefaidika.

7.0 Mazingira ya Kazi

Kazi hii yote hufanywa na watu wachache. Hazina za matini zilizowekwa katika intaneti, kama zile za Monumenta Germaniae Historica, zimepunguza umbali baina ya Seoul na maktaba za Ulaya, ingawa hazimfundishi mtu kusoma mwandiko wa kale wala Kilatini. Idadi ya vijana Korea inapungua, idara za historia zinabanwa, na nafasi za kudumu kwa mtaalamu wa karne ya 12 ni adimu. Watafiti wengi hutegemea miradi ya muda inayogharimiwa na serikali, na mada za mipaka, maradhi na mahusiano ya kimataifa hupata fedha kwa urahisi zaidi kuliko uhariri wa matini.

Lugha nayo ni mtihani. Utafiti mwingi huandikwa kwa Kikorea na hausomwi Ulaya. Anayeandika kwa Kiingereza au Kifaransa husomwa mbali, lakini hudhoofisha istilahi alizozijenga nyumbani. Wanazuoni wanaoandika historia kwa Kiswahili wanaujua mzani huo. Wakorea wamejaribu kuubeba kwa pande zote mbili: kutafsiri na kuandika kwa ajili ya wasomaji wao, na kuchapisha nje pale hoja inapohitaji kupimwa na mahakimu wa nje.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba utafiti wa Enzi za Kati za Ulaya nchini Korea ulianza kama utetezi. Taifa lililoambiwa kuwa halina ukabaila lilijifunza ukabaila ili lijibu. Dhana ilipoporomoka, watafiti waliigeukia Ulaya kwa ajili ya Ulaya yenyewe, na baadaye wakaitafuta kama jirani katika dunia iliyoshirikiana. Ushahidi wa ujirani huo upo. Mwaka 1402 wachoraji wa Joseon walitengeneza ramani ya Kangnido, wakiunganisha ramani za Kichina zilizobeba elimu ya wanajiografia wa Kiislamu. Ramani hiyo, ambayo nakala zake za kale zimehifadhiwa Japani, inaonesha Ulaya na pia Afrika ikiwa imezungukwa na bahari upande wa kusini. Elimu iliyowafikisha Wakorea huko ilitoka katika ulimwengu uleule wa mabaharia na wasomi ambao Ibn Battuta aliupitia alipofika Kilwa mwaka 1331.

Ramani hiyo inatosha kuonesha kwamba Korea haikuwa imejitenga. Haihitaji kusaidiwa na barua ya Papa ambayo haikuandikwa kwa ajili yake. Fukuda alitazama hati za Ulaya ili kuipunguza Korea, na waliosherehekea jina la Corum walizitazama ili kuikuza. Wote waliipa Ulaya mamlaka ya kutoa hukumu. Mchango wa utafiti wa karibuni, katika sehemu zake zilizo bora, ni kuyaondoa mamlaka hayo na kubaki na maswali ya kawaida ya mwanahistoria: nani aliandika, lini, kwa nani, na alijuaje. Taaluma yoyote ya historia iliyozaliwa chini ya kivuli cha ukoloni, ikiwamo ile ya Afrika Mashariki, ina sababu ya kuufuatilia mwendo huo kwa makini.